Mali Kauli: Likizo za Utotoni kwa Babu na Bibi, Kariakoo

Babu mzaa mama aliuza nazi katika shimo, yaani sehemu ya chini ya ardhi, la Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, na mikono yake ilinukia makumbi mwaka mzima, hata asubuhi ya Idi alipokuwa amevaa kanzu iliyofukizwa udi na sisi wajukuu tumejipanga kumshika mkono. Kuanzia mwaka 1980, nilipokuwa na umri wa miaka 7, hadi mwaka 1987, kila shule zilipofungwa mwezi Desemba nililetwa kwake kutoka Morogoro, na nilikaa katika nyumba ya Mtaa wa Sikukuu mpaka Januari ilipobisha hodi. Ninaandika kumbukumbu hizi nikiwa nimekaribia umri aliokuwa nao yeye wakati ule, na ninaziandika zaidi kwa sababu ya Ijumaa moja ya mwaka 1983 ambayo sijapata kuiweka chini.

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, kwa hiyo tulisafiri kwa treni. Treni ya kutoka bara ilipita Morogoro usiku, na Mama alitupandisha pamoja na mkungu wa ndizi na kikapu cha magimbi kutoka milima ya Uluguru, maana kwake yeye kwenda kwa wazee mikono mitupu kulikuwa utovu wa adabu. Nakumbuka majina ya vituo kuliko ninavyoikumbuka safari yenyewe: Ngerengere, Ruvu, Pugu, kisha joto lenye chumvi likaingia madirishani nasi tukajua tumefika. Babu alikuwa akitusubiri stesheni pamoja na mchukuzi mwenye mkokoteni, tukatembea nyuma ya mzigo wetu kupitia Gerezani hadi nyumbani.

Nyumba ilikuwa ya Kiswahili, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za Kariakoo kabla ya maghorofa: mlango mkubwa katikati, ukumbi mrefu unaopasua nyumba hadi uani, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na huko uani jiko, bafu, choo na mwembe mmoja mzee. Kuta zilikuwa za miti na udongo zilizopigwa lipu ya saruji, na bati la juu lilikuwa limeshika kutu kiasi kwamba mvua ya vuli iliponyesha tulijua mahali pa kuweka kila sufuria bila kuwasha taa. Babu na Bibi walikaa vyumba viwili vya mbele, na vinne walipangisha. Wapangaji ninaowakumbuka vizuri ni fundi cherehani kutoka Rufiji, karani wa bandari na mkewe, wachukuzi wawili wa sokoni waliochangia chumba kimoja, na mama wa Kinyamwezi aliyeuza dagaa, ambaye utani wake na Bibi, Mzaramo wa Kisarawe, ndio uliotuamsha asubuhi nyingi. Bomba lilikuwa moja na choo kimoja kwa watu wasiopungua 14, nami sikuona zamu zimeandikwa popote, kwa kuwa kila mtu alimjua mwenzake anayewahi kutoka.

Mbele ya nyumba kulikuwa na baraza la saruji ambalo saa za jioni lilikuwa mali ya wazee. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, dele lake likiwa juu ya makaa, nao walikunywa kahawa chungu kwa kashata na kuzungumza mpaka adhana ya magharibi. Mwaka wangu wa kwanza nilipita pale nikatoa "Shikamooni" moja kwa watu sita na kuendelea na safari yangu. Mzee mmoja aliniita, akaniuliza kwa sauti ya taratibu ni yupi kati yao niliyemwamkia. Sikuwa na jibu. Tangu hapo nilimwamkia kila mmoja peke yake na kusubiri "Marahaba" yake, na jambo ambalo niliona kama adhabu likawa ndilo lililonifungulia mitaa, kwa sababu baada ya wiki mbili hapakuwa na kona ya Sikukuu, Mkunguni au Swahili ambapo sikuwa na mtu aliyenifahamu kwa sura na aliyejua nirudishwe wapi nikipotea.

Kwenye baraza hilo ndipo niliposikia jina la Kariakoo lilikotoka. Wajerumani walikuwa wameanza kujenga soko mahali pale kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, vita vikawakatiza, na Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwaka 1916 wakaligeuza eneo hilo kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, jina ambalo vinywa vya wenyeji vililifinyanga likawa Kariakoo. Vitabuni nilikuja kulisoma kama jambo la kupendeza la lugha. Barazani halikupendeza, maana Babu alikuwa na ndugu wa baba yake aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita hivyo na hakurudi, wala kaburi lake halikujulikana, na kila lilipotajwa jina la soko wazee wawili watatu walinyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Soko lenyewe lilikuwa bado jipya nilipoanza kwenda. Jengo hilo, lililosanifiwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1975, na kwa mtoto wa Morogoro lilikuwa maajabu. Paa lake ni safu ya maumbo ya zege yanayofanana na miavuli iliyopinduliwa na upepo, ambayo hupokea maji ya mvua na kuyateremsha chini kwa ajili ya kuhifadhiwa. Juu waliuza rejareja. Chini, shimoni, waliuza jumla. Babu alishuka shimoni saa 10 alfajiri, nami nilipofikisha miaka 9 aliniruhusu kushuka naye. Kulikuwa na mwanga hafifu, harufu ya vitunguu na nyanya zilizopondeka, sakafu yenye unyevu, na wachukuzi waliopita mbio wakipaza sauti "Pisha mzigo!" bila kungoja mtu apishe. Nilijifunza kutembea nikiwa nimeshika ncha ya koti la Babu, na kujibanza kwenye nguzo kila niliposikia miguu inayokimbia.

Kazi yangu ilikuwa nazi, na nazi ina elimu yake. Babu alizaliwa kisiwani Mafia, penye minazi mingi kuliko kitu kingine chochote kinachoota, na alinifundisha kwamba tunda hilo lina majina kwa kadiri ya umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Anayeuza koroma kwa jina la nazi, alisema, hajadanganya mnunuzi tu, amemdanganya na mpishi, na wote watakaokula sahani ile. Nilifundishwa kutikisa nazi karibu na sikio ili nisikie maji, kutazama macho yake matatu kama yana ukungu, na kugonganisha mbili ili nitofautishe mlio wa nazi nzima na ule wa iliyopasuka. Ile iliyokauka hadi nyama yake kuachana na kifuu ilikuwa mbata, na iliwekwa kando. Tulihesabu nne nne, mbili kila mkono, na kila ilipotimia mia tuliweka nazi moja pembeni iwe ukumbusho. Mara ya kwanza nilipohesabu peke yangu nilipata 98 mahali ambapo Babu alikuwa amesema 100, nikafurahi nikidhani nimemkamata. Alihesabu upya mbele ya mnunuzi, zikawa 98 kweli, akaongeza mbili na kumwambia yule mama, "Mjukuu wangu amekuokolea mbili." Sijui kama alijua zawadi aliyonipa kwa kusema maneno hayo hadharani.

Biashara yote hiyo ilikwenda kwa mali kauli. Wafanyabiashara wa kwetu wanalijua neno hili, lakini nitalieleza kwa ajili ya vijana: mwenye mali anakupa mali yake bila fedha taslimu, bila dhamana na bila riba, nawe unampa kauli kwamba utamlipa siku fulani ukishauza. Nahodha mmoja wa jahazi alimletea Babu nazi kutoka Mafia kwa kauli, naye nahodha alikuwa amezichukua kwa kauli kutoka kwa wakulima wa huko. Babu aliwagawia akina mama wa Buguruni, Ilala na Magomeni kwa kauli, wakachukua asubuhi na kurudisha fedha jioni au kesho yake. Ulikuwa mnyororo mrefu, na mtu wa upande mmoja hakumjua wa upande wa pili. Babu alikuwa na daftari alilolitunza vizuri, kwa kuwa alipenda kusema mali bila daftari hupotea bila habari, na aliandika ndani yake Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ndizo alizofundishwa chuoni, yaani madrasa, utotoni. Mimi niliyekuwa nikisifiwa shuleni kwa kusoma sikuweza kusoma hata mstari mmoja.

Bibi hakuwa na daftari. Yeye alipika vitumbua, na siku yake ilianza kabla ya ile ya Babu. Mchele ulilowekwa tangu jana yake, ukatwangwa kwenye kinu, ukachanganywa na tui, hamira na hiliki, na ilipokosekana sukari, jambo ambalo katika miaka ile ya foleni lilikuwa la kawaida, aliyeyusha sukari guru na vitumbua vikatoka vya kahawia. Nilimkunia nazi nikiwa nimekaa juu ya mbuzi, na tukikuta joya ndani ya nazi lilikuwa langu. Wateja wake walikuwa wachukuzi na vibarua waliopita wakienda sokoni, na wengi walikula kwa deni hadi Jumamosi. Madeni yao aliyaweka kwa alama za mkaa nyuma ya mlango wa jiko, kila mtu na safu yake, na hakuna mwingine aliyejua safu ipi ni ya nani. Asubuhi moja nilimwona akifuta safu nzima kwa kitambaa kibichi. Nilimwuliza kama mwenyewe amelipa. Alinijibu kwamba mwenyewe amelazwa hospitali, kisha akanituma maji. Nilichokielewa baadaye ni kwamba zile alama hazikuandikwa mahali pa wazi, na hivyo hata zilipofutwa hapakuwa na mtu wa kujua kwamba fulani amesamehewa.

Sasa nifike kwenye ile Ijumaa. Mwaka 1983 ulikuwa mgumu. Ndio mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, madukani hakukuwa na kitu, na wafanyabiashara hata wale wasio na la kuficha waliishi kwa wasiwasi. Babu alikuwa anadaiwa na nahodha shilingi 600, na kauli yake ilikuwa kwamba atazilipa Ijumaa kabla ya adhana ya adhuhuri, kwa sababu nahodha alitaka kuondoka na maji ya siku hiyo yakianza kupwa. Asubuhi ile ikaingia gari la nazi kutoka Kisarawe na Babu hakuweza kutoka shimoni. Alinipa noti 6 za shilingi 100, akazikunja mwenyewe ndani ya mfuko wa kaptula yangu na kuufunga kwa pini. Bibi alisema mtoto wa miaka 10 asibebeshwe jambo la namna hiyo. Babu akasema, "Atafika." Nilikuwa nimeshakwenda naye bandarini mara tatu au nne, na njia niliijua: Mnazi Mmoja, Uhindini, kisha chini hadi mahali majahazi yalipofunga.

Mnazi Mmoja ni uwanja ambao serikali ya kikoloni iliuacha wazi kutenganisha mitaa ya Waafrika na ile ya Wahindi. Kwetu watoto ulikuwa uwanja wa chandimu tu. Vijana niliowafahamu wa Mtaa wa Sikukuu walikuwa wanacheza na wale wa Gerezani, na walikuwa pungufu mtu mmoja. Niliambiwa nikae golini kidogo mpaka mwenyewe afike. Saa ilikuwa kama tatu na nusu, adhana ilikuwa mbali, na mkono wangu ulikuwa ukipapasa ile pini kila mara kuhakikisha fedha ipo. Ninalisisitiza hili kwa sababu katika akili yangu ya kitoto amana niliyopewa ilikuwa ni fedha, na kwa fedha nilikuwa mwaminifu kabisa. Mwenyewe golini hakufika. Nilichoshtukia ni sauti ya mwadhini.

Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia. Nilipofika, mahali palipokuwa na jahazi palikuwa na maji, na kwa mbali, likielekea mlango wa bandari, niliona tanga linapandishwa. Mzee mmoja aliyekuwa akikunja kamba alinitambua. Aliniambia, "Alikungoja mpaka maji yalipomkataza."

Nilirudi polepole, na nilipofika shimoni sikuweza kusema. Babu aliniangalia, akaitazama pini iliyofungwa na magoti yangu yenye vumbi jekundu, akaniuliza swali moja tu: fedha ipo? Nilimpa. Alihesabu, zikatimia. "Fedha imerudi," alisema, "kauli haijafika." Hakunipiga, hakupaza sauti, na usiku huo alizifunga zile noti ndani ya leso nyeupe na kuiweka ndani ya kasha lao la chumbani.

Ile leso ilikaa humo siku 16. Desemba ni majira ya kaskazi, upepo unaokipeleka chombo Mafia upesi na kukichelewesha kurudi, na hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Babu alituma salamu kwa nahodha mwingine aliyekuwa akielekea Kilindoni, kwamba fedha ipo na kosa ni la kwake. Katika siku hizo 16 iliingia mali ya bei nzuri ambayo wenzake waliinunua kwa taslimu naye akaiacha ipite. Ulitokea msiba mtaa wa pili, na nilimwona akienda kuazima mchango wa rambirambi kwa fundi cherehani, mpangaji wake mwenyewe. Ikasikika kwamba duka moja la ushirika limepata sukari, na Bibi hakuwa na fedha ya kuifuata. Nilishindwa kuvumilia nikamwuliza kwa nini wasichukue zile za kashani halafu wazirudishe. Bibi aliacha kupepeta mchele. "Zile si zetu, mume wangu," alinijibu, kwa jina alilopenda kuniita. "Zimelala kwetu tu."

Kila alasiri Babu alinituma bandarini kuuliza kama chombo kimeonekana. Hakuiita adhabu na sidhani kama aliikusudia iwe hivyo. Nilipita Mnazi Mmoja nikienda na nikirudi, wavulana wakinipigia kelele za kuniita, nami sikugeuza shingo.

Siku ya 16 chombo kilionekana, na safari hii Babu alifuatana nami. Nahodha alikuwa amekaa shetrini, nyuma ya chombo, mabaharia wanapakua. Babu alisimama mbele yao wote, akatoa ile leso, akasema: "Nimechelewa, nahodha. Nisamehe." Nilingoja aongeze kwamba ni huyu mtoto. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo njia nzima, kichwa nimekiinamisha tayari. Hakuongeza. Nahodha alinitazama mimi, na ninaamini alijua yote, kisha akazipokea zile noti bila kuzihesabu na kusema, "Kawia ufike, mzee wangu." Lakini alieleza pia, kwa haya, kwamba kule Mafia alikosa fedha ya kuwarudishia wakulima na wengine walimkatalia mali, kwa hiyo safari hii angeweza kumpa Babu nusu tu ya mzigo wa kawaida. Babu aliitikia, akashukuru kwa hiyo nusu.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika karibu na nyumbani nilimwuliza kwa nini hakusema kwamba ni mimi niliyechelewa. Alitembea hatua kadhaa kabla ya kujibu. "Nahodha alinipa mimi nazi," alisema. "Hakukupa wewe."

Nimefanya kazi ya uhasibu kwa zaidi ya miaka 25, nyingi kati ya hizo katika vyama vya wakulima, ambako fedha inayochelewa kwa wiki moja ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Nimekuwa na wasaidizi hodari na wasaidizi wazembe. Kila malipo yalipochelewa mikononi mwa mmoja wao na ikanibidi kusimama mbele ya wakulima, nilihisi ulimi wangu ukitafuta jina la mwingine, na mara zote nilimwona Babu amesimama pale na leso. Sitasema kwamba nilishinda kila mara. Kuna siku mbili ninazozikumbuka nilipolitaja jina la kijana wangu mbele ya mkutano ili nipone mimi, na mmoja wa vijana hao aliacha kazi mwezi uleule. Nilimtafuta baadaye kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, lakini hatukuwa tena kama zamani.

Babu alifariki mwaka 1996 na tulimzika makaburi ya Kisutu. Kabla watu hawajatawanyika mjomba wetu mkubwa alisimama na kutangaza, kama ilivyo desturi, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Walijitokeza watu watano katika siku zile za matanga. Daftari lilitolewa, mzee mmoja mwenye kuzijua zile herufi akalisoma, na madeni ya wanne yalionekana kama walivyoyasema, hadi senti. La mtu wa tano halikuwamo. Wajomba walianza kunong'ona, kwa sababu kiasi alichotaja hakikuwa kidogo na yeye hakuwa mtu anayefahamika sana. Bibi, aliyekuwa eda ndani ya chumba na anasikia kila kitu, alimwita mjomba mlangoni. "Mlipeni," alisema. "Kama amesema uongo, ataondoka nao yeye." Akalipwa siku hiyohiyo.

Bibi naye alimfuata mumewe mwaka 2003. Miaka miwili baadaye nyumba iliuzwa, na sina lawama kwa yeyote, maana warithi walikuwa wengi, kila mmoja ana watoto wa kusomesha, na kiwanja cha Kariakoo hakigawanyiki kwa vyumba. Sasa pamesimama ghorofa lenye maduka ya vitambaa chini na stoo juu. Barabara imejaa wamachinga kiasi kwamba siwezi kuonyesha kwa hakika mahali baraza lilipokuwa. Ninakisia kwa kuhesabu hatua kutoka kona.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu liliungua. Nilikuwa Morogoro, na picha zilinifikia kwenye simu kabla sijalala: moto umeshika chini ya ile miavuli ya zege. Nilifikiria wafanyabiashara waliokuwa na mali ya watu ndani, mali ambayo bila shaka nyingine walipewa kwa kauli, na jinsi kesho yake kila mmoja angelazimika kumkabili aliyempa. Sikulala. Alfajiri nilifungua sanduku ambamo niliweka daftari la Babu, nililopewa mimi wakati wa kugawana vitu kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka, nikalipeleka kwa mwalimu wa madrasa wa mtaani kwetu, mzee anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Nilimwomba atafute miezi ya mwisho ya mwaka 1983.

Ilimchukua muda. Wino ulikuwa umefifia na Babu alikuwa na mkato wake wa kuandika. Alisoma majina ya akina mama wa Buguruni na Magomeni, idadi za nazi, mchango wa rambirambi na jina la fundi cherehani aliyemwazima. Kisha akafika kwenye mstari mmoja na kuusoma mara mbili, maana haukufanana na mingine: nahodha, shilingi 600, nimelipa, nimechelewa siku 16. Nilimwomba aangalie kama pembeni kuna neno jingine lolote. Alilisogeza daftari dirishani kwenye mwanga, akavua miwani, akalitazama kwa karibu, akasema hakuna.